Raga ya kimataifa kwa mwanamke: je, ni kazi ya kuishi kwayo?

Swali la msomaji: Nina umri wa miaka 22 na ninacheza namba 8 katika klabu ya raga ya wachezaji 15 kila upande. Mwaka huu ninamaliza chuo cha ualimu. Kocha amenidokezea kwamba jina langu limo katika orodha ya watakaoitwa kambi ya timu ya taifa ya wanawake, lakini wazazi wangu wanasema raga haitanilisha na wanataka nichague moja, kazi au mchezo. Je, raga ya kimataifa ni kazi ambayo mwanamke anaweza kuishi kwayo, na kwa kawaida hudumu miaka mingapi?

Jibu: Dada yangu, kabla hatujagusa suala la fedha, tutenganishe mambo mawili ambayo katika swali lako yamekaa pamoja. Kuitwa timu ya taifa ni uteuzi, na kuajiriwa ni mkataba. Kwa wanaume wa nchi zenye nguvu katika raga, mambo hayo mawili yamekwenda sambamba tangu mwaka 1995, mchezo huu uliporuhusu rasmi wachezaji kulipwa, hata watu wengi wakazoea kuamini kwamba kila avaaye jezi ya taifa hulipwa mshahara kwa kuivaa. Kwa wanawake yalianza kukutana miaka ya karibuni tu, tena katika nchi za kuhesabika. Kucheza kimataifa kwa miaka kumi na zaidi kunawezekana kabisa, kuishi kwa mshahara wa raga kunawezekana katika nchi chache, na kwingineko mchezaji hodari huwa na taaluma ya pili ambayo haiachi. Hapo ndipo ninapotofautiana na wazazi wako, kwa sababu wanakutaka uchague kati ya vitu viwili ambavyo wachezaji wengi wa kike waliofika mbali wamevibeba pamoja.

Nitumie wachezaji wawili kueleza, kwa kuwa mfano wao unafundisha mengi kuliko orodha ya mishahara. Sarah Hunter, namba 8 kama wewe, yaani mchezaji wa nyuma kabisa katika skramu (ule msukumano wa wachezaji wanane wa kila timu), alianza kuichezea Uingereza (yaani England, si Uingereza yote) mwaka 2007 na akastaafu Machi 2023 akiwa na mechi 141 za kimataifa. Fiao'o Faamausili, huka wa New Zealand, yaani mchezaji wa katikati katika safu ya mbele ya skramu, alianza mwaka 2002 na akastaafu mwaka 2018 akiwa na mechi 57. Kila mmoja alidumu miaka 16 hivi, lakini mmoja ana mechi karibu mara mbili na nusu ya mwenzake. Ungetazama idadi ya mechi peke yake ungesema Hunter alikuwa mchezaji mkubwa na Faamausili wa kawaida, ilhali Faamausili ndiye aliyetwaa Kombe la Dunia mara nne, yaani mwaka 2002, 2006, 2010 na 2017, na hilo la mwisho akiwa nahodha, wakati Hunter alilitwaa mara moja, mwaka 2014.

Tofauti hiyo imetokana na kalenda. Mataifa ya Ulaya yana mashindano yao ya kila mwaka, ambayo kwa wanawake yalianza mwaka 1996 yakiwa ya mataifa manne na sasa ni ya mataifa sita, na kila timu ina hakika ya mechi tano kabla hata haijatafuta mechi nyingine za mwisho wa mwaka. New Zealand haikuwa na jirani wa namna hiyo. Kwa sehemu kubwa ya maisha ya Faamausili uwanjani, kulikuwa na miaka ambayo timu bora kabisa duniani ilicheza mechi zinazohesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mabingwa hao walirudi kwenye kazi zao baada ya kombe kana kwamba walikuwa likizo. Yeye mwenyewe alikuwa afisa wa upelelezi katika jeshi la polisi.

Nimeanza na kalenda kwa sababu ndiyo inayoamua karibu kila kitu kingine, nawe hukuitaja. Chama ambacho timu yake ya wanawake ina mechi tatu kwa mwaka hakiwezi kumlipa mchezaji mshahara wa miezi kumi na miwili hata viongozi wake wakiwa na nia njema, maana hakina tiketi za kuuza wala haki za matangazo, na hakina cha kumwonyesha mdhamini. Shirikisho la Raga Duniani lilijaribu kuziba pengo hilo kwa mashindano ya WXV, yaliyochezwa mwaka 2023 na 2024 na timu 18 zilizogawanywa katika madaraja matatu, ili hata timu za chini ziwe na mechi zenye uhakika nje ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo unapozungumza na kocha wako, muulize kwanza timu ya taifa ina mechi ngapi zilizothibitishwa mwaka huu na mwaka ujao, na zipi kati ya hizo ni za kufuzu. Jibu lake litakueleza hali ya fedha hata kabla hujaiuliza.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe. Kombe la Dunia la kwanza la wanawake lilichezwa Wales mwaka 1991 bila idhini ya chombo kilichosimamia raga ya dunia wakati huo, likiandaliwa na kikundi kidogo cha wanawake kilichoongozwa na Deborah Griffin, na wachezaji wengi walijigharamia. Marekani iliishinda Uingereza 19-6 katika fainali. Miaka 23 baadaye, Uingereza ilipotwaa kombe nchini Ufaransa kwa kuishinda Kanada 21-9, nahodha wake Katy Daley-McLean alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndani ya kikosi hicho hicho propu Sophie Hemming, yaani mchezaji wa pembeni katika safu ya mbele ya skramu, alikuwa daktari wa mifugo. Ningependa wazazi wako walisikie hilo la nahodha. Mwalimu aliomba ruhusa kazini, akaenda kutwaa Kombe la Dunia na akarudi darasani.

Baada ya ushindi ule chama cha Uingereza kilitoa mikataba 20 ya kudumu, lakini ilikuwa kwa ajili ya raga ya wachezaji saba kuelekea Olimpiki ya 2016. Mikataba ya raga ya wachezaji 15 iliyokuja baadaye ilisitishwa mara tu baada ya Kombe la Dunia la 2017, kombe ambalo Uingereza ilifika fainali, na ni Januari 2019 ndipo wachezaji 28 wa timu hiyo walipopewa mikataba ya kudumu. New Zealand ilianza na mikataba ya muda mwaka 2018. Wales ilitoa mikataba 12 ya kwanza ya kudumu mwanzoni mwa 2022, kisha mwaka 2024 chama hicho kikalazimika kuwaomba wachezaji wake radhi hadharani kwa namna kilivyoendesha mazungumzo ya mikataba mipya. Barani Afrika, klabu ya Bulls ya Afrika Kusini iliifanya timu yake ya wanawake kuwa ya kulipwa kikamilifu mwaka 2023. Utaona kwamba mwelekeo ni wa kupanda, ila haupandi kwa mstari ulionyooka. Kilichotolewa mwaka huu kinaweza kuondolewa mwakani, na mara nyingi kinachoamua ni mzunguko wa Kombe la Dunia kuliko kiwango cha mchezaji.

Hata kuwa miongoni mwa timu bora hakuhakikishi bajeti. Kanada ilikwenda Kombe la Dunia la 2025 ikiwa timu ya pili kwa ubora duniani, baada ya chama chake kuendesha kampeni ya kuchangisha dola milioni moja za Kanada ili maandalizi yafanyike inavyostahili. Ilifika fainali, ikafungwa na Uingereza 33-13 mbele ya watazamaji 81,885 katika uwanja wa Twickenham. Yaani timu iliyocheza mbele ya umati ambao raga ya wanawake haikuwahi kuuona ilikuwa, miezi michache kabla, ikiomba michango. Huo ndio ukweli wa mchezo wako kwa sasa, na ni vyema uingie ukiujua.

Katika vyama vingi utakutana na malipo ya aina tatu. Kuna mshahara wa kudumu, unaomfanya mchezaji awe mwajiriwa mwenye saa za kazi. Kuna malipo ya kumfunga mchezaji kwa muda fulani, ambayo humwachia nafasi ya kufanya kazi nyingine siku zilizobaki. Na kuna posho ya kambi na ya mechi, ambayo hulipwa unapokuwepo na hukoma unapoondoka. Wachezaji wengi wa kimataifa duniani bado wako katika aina hii ya tatu. Posho si jambo la aibu, lakini si mshahara pia, na anayeacha ajira kwa kuitegemea hujikuta pabaya mara kambi inapofungwa. Nimewaona wachezaji wazuri wakiacha mchezo kwa sababu hiyo tu, wala si kwa kukosa kipaji.

Iwapo chama chako hakina mishahara, njia iliyopo ni kuonekana katika mechi za kimataifa na kupata klabu ya nje. Babalwa Latsha wa Afrika Kusini aliijua raga akiwa chuo kikuu, alikokuwa akisoma sheria. Akawa propu na nahodha wa timu ya taifa, na mwaka 2020 akasaini na Eibar ya Hispania, akiwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kucheza raga ya wachezaji 15 kwa mkataba wa kulipwa. Baadaye alichezea Harlequins ya Uingereza. Tazama mpangilio wake: alimaliza shahada kwanza, jezi ya taifa ikafuata, na mkataba ukaja mwisho. Kibali cha kazi cha mwanamichezo mara nyingi hutazama rekodi ya mechi za kimataifa, kwa hiyo hata mechi ambazo hazikulipi kitu leo zinaweza kuwa ndizo zitakazokufungulia mlango kesho. Ndiyo maana sikushauri uikatae kambi kwa sababu tu posho yake ni ndogo.

Pengine utashauriwa uhamie raga ya wachezaji saba, kwa kuwa tangu mchezo huo ulipoingia Olimpiki nchi nyingi ziliwalipa wanawake wa saba kabla ya wale wa 15. Ushauri huo una msingi, na mfano wake bora ni Portia Woodman wa New Zealand, aliyetoka kwenye netiboli, akaingia raga ya saba kupitia majaribio ya kusaka vipaji mwaka 2012, akapata medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 2016 na dhahabu katika michezo ya Tokyo na Paris, na katikati ya hayo yote akawa mfungaji wa trai (yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani) nyingi kuliko wote katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake la wachezaji 15. Lakini Woodman ni winga. Mechi ya saba ina vipindi viwili vya dakika saba saba, na mwili inaouhitaji ni mwepesi na wenye kurudia mbio kali mara nyingi, wakati namba 8 hujengwa kwa ajili ya dakika 80 za kusukuma, kubeba mpira mbele ya msitu wa mabega na kuamka tena. Wapo waliomudu yote mawili, nami sikukatazi. Ila usiuharibu mwili wa namba 8 kwa kupunguza uzito ili uwe mchezaji wa saba wa wastani, halafu ukose nafasi pande zote mbili.

Na kwa kuwa umetaja nafasi yako, nikae hapo kidogo. Wachezaji wanaotoka klabuni huenda kambini wakidhani watapimwa kwa jinsi wanavyobeba mpira, kwa sababu klabuni ndicho kilichowapatia sifa. Makocha wa timu ya taifa watakutazama mahali pengine. Skramu inapofungwa, kichwa chako kipo katikati ya nyonga za namba 4 na namba 5, mabega yako yanasukuma, na mpira unakuja kinyumenyume hadi kwenye miguu yako bila wewe kuuona vizuri. Hapo unatakiwa uuzuie kwa wayo bila kuacha kusukuma, uhisi kama skramu inasonga mbele au inazunguka, na ndani ya sekunde moja uamue kama utamwachia namba 9 autoe au utauokota mwenyewe na kuondoka. Ukiinua kichwa mapema, umeondoa uzito wako katika msukumo na wenzako saba wataulipia. Ukichelewa, namba 9 wa wapinzani amekwisha kufika kwenye mpira. Mazoezi ya jambo hilo moja huweza kuchukua asubuhi nzima kambini, na mchezaji asiyekuwa na mguu wenye utulivu huonekana mapema sana.

Jambo la pili watakalolitazama ni dakika 20 za mwisho. Utavaa kifaa kidogo cha kupima mwendo mgongoni, kati ya mabega, na jioni mtaalamu wa mazoezi ataona si tu umekimbia umbali gani, bali pia muda unaokaa chini baada ya kumwangusha mpinzani kabla hujasimama tena. Tofauti kubwa kati ya ngazi ya klabu na ya kimataifa ipo hapo. Klabuni unaweza kupumua wakati mpira uko upande wa pili wa uwanja, lakini kimataifa anayepumua ndiye anayetafutwa na wapinzani. Ukiwa na wiki chache kabla ya kambi, zitumie kujizoeza kuanguka na kuamka ukiwa umechoka, na shingo yako uifanyie mazoezi ya nguvu kila siku nyingine. Kuongeza kilo za chuma unazoinua kunaweza kusubiri.

Shingo nimeitaja kwa makusudi. Tafiti zilizofanywa kwa wachezaji wa kike zimeonyesha kwamba mitikisiko mingi ya ubongo kwao hutokea kichwa kinapogonga ardhi wakati wa kuanguka, na sababu mojawapo ni kwamba wanawake wengi huanza raga wakiwa watu wazima, bila ile miaka ya utotoni ya kujifunza namna ya kuanguka. Katika ngazi ya juu, wachezaji sasa huvaa kinga za meno zenye vihisio vya kupima nguvu ya kila mgongano, na katika Kombe la Dunia la 2025 kinga hizo ziliwaka taa nyekundu mchezaji alipopata pigo linalohitaji uchunguzi. Wewe bado huna kifaa hicho wala daktari wa kudumu pembeni ya uwanja, kwa hiyo kanuni inayokuhusu ni ile ya Shirikisho kwa wachezaji wa ngazi ya jamii, inayosema kwamba mwenye mtikisiko wa ubongo hachezi mechi kabla ya siku 21 kupita, na asiwe na dalili yoyote katika siku 14 za mwisho wa muda huo. Usikubali kocha yeyote akupunguzie siku hizo, hata kama mechi ni ya kufuzu.

Jeraha la goti ni sura nyingine. Kano ya ndani ya goti, ile ambayo ikikatika hudai upasuaji na miezi tisa hadi kumi na miwili ya kujiuguza, hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume, na karibu kila kikosi cha kimataifa kina mtu aliyewahi kuipoteza. Haina maana kwamba ndio mwisho. Sophie de Goede wa Kanada alikatika kano hiyo mwaka 2024, akarudi mwaka 2025, akacheza fainali ya Kombe la Dunia na akatajwa mchezaji bora wa mwaka duniani. Emily Scarratt wa Uingereza alivunjika mguu mwaka 2021, akafanyiwa upasuaji wa shingo mwaka 2023, na bado alikuwamo katika kikosi kilichotwaa kombe mwaka 2025, likiwa Kombe la Dunia la tano kwake. Lakini wote wawili walikuwa na mfumo wa kuwauguza. Swali lako ni nani atalipia upasuaji ukiumia ukiwa kambini, na utakula nini katika miezi hiyo tisa. Bima ya baadhi ya vyama humfunika mchezaji siku ya mechi tu na kumwacha wazi siku za mazoezi, na goti halina habari na tofauti hiyo. Hapa cheti chako cha ualimu kina thamani kuliko kiatu chochote, kwa sababu mwalimu mwenye goti lililofungwa anaweza kufundisha.

Kuhusu miaka, nafasi ya kucheza huamua mengi. Mawinga hupoteza kasi mapema, mapropu na mahuka hukomaa wakichelewa, na namba 8 yuko katikati, akiwa na faida kwamba anaweza kuhamia ubavuni mwa skramu akihitajika. Hunter alistaafu akiwa na umri wa miaka 37. Makombe ya Dunia yajayo yatachezwa Australia mwaka 2029 na Marekani mwaka 2033, na kwa umri wako yote mawili yanaweza kukukuta uwanjani ukijaliwa afya. Wachezaji wengi huipanga miaka yao kwa kufuata makombe hayo, na kupata mtoto ni sehemu ya hesabu hiyo. Zamani mchezaji aliyeshika mimba alikuwa amemaliza, labda arudi kwa ukaidi wake mwenyewe. Mwaka 2023 chama cha Uingereza kilitangaza likizo ya uzazi ya wiki 26 kwa malipo kamili kwa wachezaji wenye mikataba, na Abbie Ward, wa kwanza kunufaika nayo, alirudi timu ya taifa mwaka uliofuata na alikuwamo katika kikosi cha mabingwa wa 2025. Vyama vingi bado havina kifungu kama hicho, basi kiulizie bila haya, hata kama leo hakikuhusu.

Kuna kanuni moja ambayo wachezaji wachanga huikanyaga bila kujua. Mchezaji anastahili kuichezea nchi aliyozaliwa, au nchi alikozaliwa mzazi, babu au bibi yake, au nchi aliyoishi miezi 60 mfululizo. Ukishaiwakilisha nchi moja katika timu ya wakubwa, umefungwa kwayo. Tangu Januari 2022 unaweza kuhama mara moja tu maishani, baada ya kukaa miezi 36 bila kucheza kimataifa, na kwa sharti kwamba wewe, mzazi, babu au bibi alizaliwa katika nchi unayohamia. Raga ya wachezaji saba nayo huhesabiwa. Kama una mzazi wa nchi nyingine, lifikirie hilo kabla hujavaa jezi, na ukishaivaa usitazame nyuma.

Utakuta pia kwamba hali ya kambi haitegemei posho peke yake. Mwishoni mwa 2021, huka wa New Zealand Te Kura Ngata-Aerengamate aliandika hadharani jinsi maneno ya kocha yalivyomvunja moyo. Uchunguzi ukafanywa, kocha akajiuzulu mwaka uliofuata, Wayne Smith akachukua timu, na miezi michache baadaye wakatwaa Kombe la Dunia kwa kuishinda Uingereza 34-31 katika uwanja wa Eden Park. Sikusimulii hayo ili uende kambini ukitafuta makosa. Nataka tu ujue mapema ni nani anayepokea malalamiko ya wachezaji nje ya benchi la ufundi, kwa kuwa chama kisichoweza kulijibu swali hilo huwa pia hakina majibu kuhusu bima.

Na baada ya kustaafu? Hunter alikwenda moja kwa moja kwenye ukocha na alikuwa kocha wa ulinzi wa timu iliyotwaa kombe mwaka 2025. Joy Neville wa Ireland, aliyeichezea nchi yake mara 70, akawa mwamuzi na mwaka 2017 alitunukiwa tuzo ya mwamuzi bora wa dunia. Farah Palmer, nahodha wa New Zealand aliyetwaa makombe matatu mfululizo kuanzia 1998, aliendelea na kazi yake ya uhadhiri na baadaye akawa mwanamke wa kwanza katika bodi ya chama cha raga cha nchi yake. Deborah Griffin, yule wa 1991, mwaka 2025 akawa rais wa chama cha raga cha Uingereza, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Raga ya wanawake bado ina upungufu mkubwa wa makocha, waamuzi na viongozi walioucheza mchezo, na kwa mwalimu aliyesomea ufundishaji upungufu huo ni nafasi.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba uende kambini na umalize chuo. Ukiomba ajira ya ualimu, usifiche kwamba unachezea timu ya taifa. Kiombe chama barua rasmi yenye tarehe za kambi na za mechi, uiwasilishe kwa mkuu wa shule mwanzoni mwa muhula, na muandikiane ni siku ngapi zitakuwa likizo yako na ngapi zitakuwa ruhusa bila malipo, kwa sababu ahadi ya mdomo hubadilika mkuu anapohamishwa. Barua hiyo waonyeshe wazazi wako pia, maana wakiona tarehe na idadi ya siku huenda wakagundua kwamba wanachokiogopa ni kidogo kuliko walivyodhani. Na ikija siku ukawekewa mkataba wa raga mezani, kabla ya kutazama kiasi cha malipo tazama tarehe ya mwisho wake. Ikiwa unakoma mwezi ule ule Kombe la Dunia linapokwisha, omba uongezwe angalau hadi mwisho wa muda wa kuuguza jeraha litakalopatikana ukiwa kazini, na usijiuzulu ualimu hadi kifungu hicho kiwe kimeandikwa na kutiwa sahihi.